Mkalimani wa Mfalme Asiyetaka Kicheko

Mtaa mzima ulimwita Redio, na yeye mwenyewe alikuwa ameshasahau kulikasirikia jina hilo. Alikuwa msusi. Akishasimama nyuma ya kichwa cha mteja, vidole vikianza kazi na mdomo nao unaanza, na hakuna wa kuuzima mpaka nywele ziishe. Saluni yake ilikuwa nusu ya chumba. Nusu nyingine, ng'ambo ya pazia la maua, ilikuwa ya kaka yake, fundi cherehani, kiziwi tangu kuzaliwa, mtu mpole mwenye masharubu yaliyochongwa kwa uangalifu kuliko hata kola alizoshona.

Mbali na kusuka, Redio alikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyempa. Alikuwa mdomo na masikio ya kaka yake. Mteja akiingia upande wa Fundi, Redio alichungulia pale pale penye pazia, chanuo limemning'inia kinywani, akageuza maneno kuwa alama za mikono na alama kuwa maneno. Alianza akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, au ndivyo mama yao alivyopenda kusimulia. Mama alisema Mungu alimpa mtoto wa kwanza kimya, kisha akaona amempunja, akampa wa pili na kelele za wawili.

Shida ya Redio ni kwamba hakuweza kupitisha neno bila kulionja. Neno kali alilipunguza makali, neno fupi alilirefusha, na neno lililomchosha alilitupa njiani. Mteja akisema, "Mwambie mkono wa kushoto wa shati umekuwa mrefu," mikono ya Redio ilimwambia kaka yake, "Anashukuru sana. Amezaliwa na mkono mmoja mfupi, maskini." Fundi alimtazama mteja kwa huruma, mteja akadhani ni majuto, wakaagana kwa amani.

Viziwi wenzake Fundi, ambao kiongozi wao alikuwa seremala mwanamke mwenye mabega mapana, walimpa Redio jina lao la alama: vidole vinne juu, dole gumba chini, vinafunguka na kufunga kama mdomo wa bata.

Siku moja asubuhi mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa alivuka barabara kutoka chuoni akaingia saluni. Chuo kilikuwa hapo hapo, ng'ambo, ukuta mrefu na geti la bluu, lakini watu wa mtaani walikijua kama unavyomjua jirani anayekupungia mkono tu.

"Habari za kazi," alisema. "Mimi ni daktari, natoka hapo chuoni—"

Kabla hajamaliza, bibi mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele alipandisha gauni akatoa goti. "Hili hapa. Linaniuma kila nikiinama."

"Bibi, mimi ni daktari wa maigizo. Nafundisha Idara ya Sanaa."

Bibi alifikiri kidogo. "Basi igiza unalitibu."

Yule mwanamke alichuchumaa, akalitazama goti kwa makini, akalibonyeza hapa na pale, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu, kisha akamwambia bibi asiiname ovyo. Jioni bibi alitangaza kwamba amepata nafuu kubwa. Tangu siku hiyo mtaa wote ulimwita Daktari, bila kumwekea masharti.

Alichotaka Daktari kilikuwa hiki. Chuo kilikuwa kinaandaa mchezo wa kuigiza, na safari hii wahusika wasiwe wanafunzi peke yao. Alitaka watu wa mtaani, wa kila namna, wasomi na wasiosoma, wanaosikia na wasiosikia, wenye kuona na wasioona. Alitumia neno "ushirikishwaji" mara nyingi kiasi kwamba Redio alilitafuna kimya kimya ili alitumie baadaye kwa wateja.

Mchezo wenyewe ulihusu mfalme aliyepiga marufuku kucheka katika nchi yake. Redio alipousikia tu, akajiona malkia. Alijisuka upya usiku ule ule. Siku ya majaribio ukumbini alitembea jukwaani kimalkia mpaka akajikwaa kwenye waya wa taa.

Watu walikuwa wamejaa. Muuza mkaa alitaka kuwa mfalme. Kinyozi alitaka kuwa mfalme. Mwalimu Mkuu, ambaye alistaafu ualimu zamani lakini hakustaafu cheo, alisema hataki ufalme, ila akiombwa sana hatakataa. Kila mmoja alipanda akanguruma. Kisha Fundi, aliyekuja kumsindikiza dada yake tu, alivutwa mkono na seremala akasukumwa jukwaani. Alisimama. Akawatazama watu wote, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anayewapima viuno. Akanyanyua kidole kimoja. Ukumbi ukanyamaza hata muuza mkaa akafunga mdomo wake uliokuwa wazi.

"Mfalme wetu huyo," alisema Daktari.

Mwalimu Mkuu akapewa uwaziri. Umalkia ulikwenda kwa mwanafunzi mmoja mrefu mwenye shingo ya kuvutia. Redio akaitwa pembeni.

"Wewe ndiye nguzo ya mchezo mzima," Daktari alimwambia. "Utasimama pembeni ya jukwaa, umevaa nyeusi, utasema kwa sauti kila neno ambalo mfalme anasema kwa mikono."

"Nimevaa nyeusi, pembeni. Kama mwavuli."

"Kama kioo cha dirisha. Watu wasikuone wewe, wamwone mfalme."

"Na dirisha lenyewe likiwa na la kusema?"

"Dirisha halina la kusema, dada yangu."

Redio aliondoka amevimba. Njiani alimlalamikia kaka yake kwa mikono yote miwili, na Fundi, ambaye tayari alikuwa anatembea kifalme, alimjibu kwa kumpa mfuko wake wa sokoni ambebee.

Mazoezi yalikwenda vizuri, kwa kiasi chake. Redio alijitahidi. Mfalme akisema "Njoo," naye alisema "Njoo," ingawa mara nyingine ilimponyoka ikawa "Njoo hapa upesi, umechelewa kama kawaida yako." Daktari alikuwa anapiga kalamu mezani, Redio anarudi kwenye mstari. Upande wa viziwi nao ulipangwa. Mwanafunzi mmoja mwenye miwani minene, aliyekuwa anasomea ukalimani wa lugha ya alama, angekaa chini ya jukwaa, mbele ya safu ya kwanza, na kuwafasiria viziwi kila kinachosemwa kwa sauti. Mwanafunzi huyo alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Mtu akikohoa, alifasiri kikohozi.

Siku ya mchezo ukumbi ulifurika. Safu ya kwanza walikaa viziwi wote, seremala akiwa katikati amekunja mikono kifuani. Safu ya pili alikaa mama wa Redio na Fundi, kitambaa kipya kichwani, na kando yake mkuu wa idara ya chuo, bwana mwembamba aliyevaa suti ya kushonwa mahali pengine kabisa. Nyuma yao mtaa mzima.

Pazia likafunguka. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha enzi, amevaa joho alilojishonea mwenyewe, kubwa kiasi kwamba malkia alikosa pa kukaa akasimama muda wote. Mikono yake ikasema kwamba katika nchi hii hakuna kucheka.

"Katika nchi hii hakuna kucheka," alisema Redio kwa sauti nzito, pembeni, katika nyeusi zake.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu, cha pua, lakini kilimwingia Redio kama chai ya moto asubuhi ya baridi. Maisha yake yote alikuwa anachekesha kichwa kimoja kwa wakati mmoja. Hapa palikuwa na vichwa vya ukumbi mzima, na vingine vilihitaji kusukwa.

Mfalme akasema kwa mikono: "Atakayecheka atafungwa."

"Atakayecheka atafungwa," alisema Redio. Akasita. "Isipokuwa wateja wa saluni iliyo ng'ambo ya geti la bluu, hao wacheke tu, na wiki hii kuosha nywele ni bure."

Ukumbi ukalipuka. Nyuma ya pazia la pembeni Daktari aliangusha karatasi zake zote.

Fundi aliona midomo ya watu imefunguka na meno yote yako nje, wakati yeye ametoka kutangaza kifungo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukagua zipu yake chini ya joho. Zipu ilikuwa salama. Akatazama nyuma kama kuna paka amepita. Hakuna paka. Chini pale, mwanafunzi mwenye miwani alikuwa anawafasiria viziwi tangazo zima, pamoja na uoshaji wa bure. Seremala alisoma mpaka mwisho, akanyanyua mikono yake mipana, akamwambia mfalme kwa alama za wazi: "Bata anatangaza saluni."

Mfalme akageuza kichwa taratibu, akamtazama dada yake. Redio alijifanya anasoma dari.

Mchezo uliendelea, ila tangu hapo mfalme hakufuata tena maneno ya mchezo. Aliwageukia watu wa safu ya kwanza akasema kwa mikono kitu kirefu, chenye vituo, chenye kuonyesha mtu anayetembea kimalkia halafu anajikwaa kwenye waya. Safu ya kwanza ikapinduka. Seremala alijipiga mapaja. Mzee mmoja alitoa miwani akafuta machozi. Nyuma yao ukumbi mzima ulikaa kimya, watu wakitazamana kama wageni waliokosea nyumba.

"Amesema nini?" aliuliza muuza mkaa.

"Mfalme anasema leo kuna joto," alijibu Redio.

"Ndiyo wanalia kwa ajili ya joto?"

Mwanafunzi mwenye miwani akafasiri kwamba mfalme amesema leo kuna joto. Safu ya kwanza ikasimamisha kicheko, ikaelewa, ikaanza kupiga miguu sakafuni kwa hasira. Sakafu ya mbao ililia kama treni inayoingia stesheni.

"Sema alichosema," mama yao aliagiza kutoka safu ya pili, bila kupandisha sauti.

Redio angesema, au angekimbia, hakujua bado lipi, lakini hapo hapo ikafika zamu ya waziri kuingia. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kuchelewa zamu yake kwa sababu ya fujo. Aliingia kifua mbele, amevaa suruali yake nzuri kuliko zote, kazi ya Fundi, akafika mbele ya kiti cha enzi akainama kwa heshima zote za serikali.

Suruali ikapasuka kutoka mkandani hadi karibu na goti.

Wanaosikia waliusikia mlio, na wasiosikia waliona kilichofuata, maana waziri alikuwa ameinama huku mgongo wake ukiwa kwa watu. Kwa mara ya kwanza jioni ile ukumbi wote ulicheka pamoja.

Mmoja tu hakucheka. Ufalme ulimtoka Fundi palepale, akabaki fundi. Alishuka kitini, akazunguka nyuma ya waziri, akapiga goti, akashika mshono uliofumuka, akautazama kwa uchungu kama mtu anayetambua maiti ya ndugu. Kisha akasimama mbele ya Mwalimu Mkuu na mikono yake ikauliza: "Suruali inakubana. Mbona hukuniambia?"

Wote wakamgeukia Redio.

"Mfalme anasema," alianza, "inuka, waziri mwema."

Miguu ikapigwa sakafuni. Mwanafunzi mwenye miwani akasimama kabisa, akatoa sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. "Samahani. Mfalme ameuliza kwa nini waziri hakumwambia kwamba suruali inambana."

Mwalimu Mkuu alijifunika nyuma kwa kofia ya uwaziri. "Sikumwambia? Mimi namwambia kila mwaka. Kila suruali. Namwambia, fundi, hii inanibana, nikikaa sipumui. Na kila mwaka najibiwa kwamba ndiyo mtindo wa sasa, kwamba watu wenye cheo hawavai mapana."

"Ulijibiwa na nani?" aliuliza mama kutoka safu ya pili, ingawa alijua.

Mwanafunzi alifasiri. Seremala akampelekea Fundi yote juu kwa mikono yake mipana, neno kwa neno. Fundi akarudisha swali lake kwa dada yake, safari hii kwa alama ndogo, za nyumbani, ambazo hata safu ya kwanza ilibidi ijinyooshe kuziona: "Wewe uliniambia anasema imemkaa kama alizaliwa nayo."

Redio alitoka pembeni mwa jukwaa. Alizungumza kwa mdomo na mikono kwa pamoja, ili asiwepo wa kumsaidia.

"Duka lilikuwa jipya," alisema. "Ilikuwa suruali yako ya kwanza kwa mtu mwenye cheo. Ulikuwa umekaa pale unamtazama usoni kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Ningekuambiaje? Nikasema mara hii tu, nitarekebisha akija tena. Akaja tena, na wewe ulikuwa umezidi kuipunguza kwa sababu uliambiwa anaipenda hivyo. Sasa ningeanzia wapi?"

Mkuu wa idara alimwinamia Daktari, ambaye alikuwa ametoka nyuma ya pazia na kuketi sakafuni kando ya safu ya pili. "Hii imo kwenye mchezo?"

"Huu ndio ushirikishwaji, bwana mkuu," alisema Daktari. Alionekana mtu aliyekubali lolote.

Fundi alirudi kwenye kiti chake cha enzi, akapanga joho, akanyanyua kidole. Ufalme ukamrudia. Mikono yake ikatoa hukumu, na Redio, chini ya macho ya seremala, ya mama na ya miwani ile minene, akaisema yote bila kuongeza chumvi.

"Mfalme anasema, mkalimani wake ameiba maneno ya watu. Hatafungwa, kwa sababu gerezani angewachosha wafungwa. Adhabu yake ni kusema kila atakachoambiwa sasa, kama kilivyo, kana kwamba ni maneno yake." Akaitazama mikono ya mfalme. "Kaka yangu ndiye mwanamume mzuri kuliko wote katika mtaa huu."

Mikono ya mfalme ikaendelea.

"Masharubu yake yanastahili picha."

Ikaendelea tena. Redio alifumba macho kidogo. "Mimi nilikojoa kitandani mpaka darasa la tano," alisema haraka haraka, akiwa amegeukia ukuta.

"Hatujasikia huku," alisema mama.

"Mpaka darasa la tano, mama. Unalijua hilo."

"Nalijua. Watu wa nyuma ndio hawalijui."

Akalirudia. Mwanafunzi akafasiri, na alipofika kwenye darasa la tano vidole vitano alivinyoosha juu kabisa ili hata walioko mlangoni waone. Muuza mkaa alicheka mpaka akaomba atolewe nje. Mfalme mwenyewe, aliyekuwa amepiga marufuku kicheko katika nchi yake, alijifunika uso kwa joho, na joho likawa linatikisika. Mchezo haukufika mwisho ulioandikwa. Malkia alisema mstari wake mmoja uliobaki, kwa sababu alikuwa ameukariri, pazia likafungwa, na watu wakapiga makofi, na viziwi wakatikisa mikono hewani, na Mwalimu Mkuu akashindwa kuinama kushukuru.

Siku zilizofuata Redio hakuzungumza na kaka yake. Walipelekeana habari kupitia kwa mama, ambaye alama zake zilikuwa chache na nyingi zilihusu chakula. Fundi akiuliza mkasi uko wapi, Redio aliletewa habari ya viazi. Wateja walikuja kwa wingi, lakini walikuja kuuliza habari za darasa la tano. Redio alisuka kimya. Msichana mmoja alidhani msusi ameugua akamletea machungwa.

Daktari ndiye aliyevuka barabara tena. Alikaa kwenye kiti akasema asukwe mistari, na alipoona chanuo limeanza kazi na mdomo haujaanza, akaanza yeye.

"Watu wananisumbua pale chuoni. Wanataka darasa la lugha ya alama."

"Wanafunzi?"

"Wanafunzi, na kinyozi, na muuza mkaa. Anasema safu ya kwanza walicheka kitu kizuri mwanzoni, na wewe ukamwambia kuna joto. Limemkaa rohoni. Hataki tena kuletewa kicheko kilichopoa." Daktari alimtazama Redio kwenye kioo. "Kaka yako amekubali kufundisha. Nataka na wewe uje."

"Kuzifundisha alama?"

"Kusomea ukalimani. Mikono yako ina kasi kuliko ya yeyote niliyewahi kumwona, na masikio yako yanasikia yaliyo mtaa wa tatu. Kinachokusumbua ni hapa katikati," alisema, akajigusa mdomo.

Redio alivuta msuko kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Hicho ndicho kinachoniweka mjini."

"Hakuna atakayekunyang'anya. Utakiacha mlangoni ukiingia, utakichukua ukitoka."

Jioni hiyo Redio alifungua pazia la maua. Fundi alikuwa anashona suruali pana sana, pana kama shuka mbili. Redio alimwonyesha kwa alama kwamba upana huo utamfanya Mwalimu Mkuu apeperuke. Fundi aliinua suruali, akaitazama, akakubali, akampa mkasi apunguze upande mmoja. Wakawa wamepatana.

Darasa lilifanyika katika chumba cha maigizo, viti vimepangwa duara ili kila mtu aone mikono ya mwenzake. Fundi aliandika ubaoni sheria moja tu: midomo ifungwe. Watu ambao sokoni unawasikia kabla hujawaona walikaa kimya hapo, wakikunja na kukunjua vidole, mashavu yamevimba kwa maneno waliyoyazuia. Seremala alizunguka akiwanyoosha viwiko kama ananyoosha mbao.

Zamu ya Mwalimu Mkuu ikafika. Alisimama, akajikohoza bila sauti, akapanga vidole vyake kwa heshima kubwa, na akamwambia Fundi mbele ya watu wote kwamba amefurahi sana kumuoa.

Fundi hakubadilika uso. Alifikiri, akapapasa masharubu, akajibu kwa alama za polepole kwamba ni heshima kubwa, ila mambo ya namna hiyo hupelekwa kwanza kwa mama.

Seremala alijishika ukutani. Mwanafunzi mwenye miwani alivua miwani. Redio, pale alipokaa karibu na mlango, alijiziba uso kwa mikono yote miwili, mabega yakimcheza. Darasa zima likamgeukia kwa mazoea, nyusi juu, midomo ikisahau sheria.

"Amesema nini? Redio, amesema nini?"

Maneno yalikuwa yamempanda mpaka kwenye meno. Aliyahisi yakisukumana. Kisha akafumba mdomo, akanyoosha mkono akamwonyesha kaka yake, na kwa mikono tu akawaambia: "Mwulizeni mwenyewe."

Wakamgeukia Fundi, mikono yote juu kwa pamoja, wakauliza kwa bidii, na nusu yao walikuwa wanamwuliza kuhusu kabichi.